Maji ya Karatasi: Majimbo Saba na Mto Mmoja

Kaskazini mwa Ziwa Mead, jimboni Nevada, kuna ngazi za zege zisizopanda kwenda popote. Mlango uliokuwa juu yake haupo, ukuta haupo, paa halipo. Pembeni kuna misingi ya nyumba, matangi ya maji yaliyochimbiwa ardhini, na visiki vya miti iliyopandwa kutia kivuli barabara ya kijiji. Hapo palikuwa St. Thomas, kijiji cha wakulima wa madhehebu ya Mormoni kilichoanzishwa mwaka 1865. Mwaka 1938 maji yaliyokuwa yakijaa nyuma ya Bwawa la Hoover yalikimeza. Mwaka 2002 kikaibuka tena, na tangu hapo mtu huweza kutembea juu ya misingi yake bila kulowesha kiatu.

Kwenye miamba inayozunguka ziwa lenyewe kuna mkanda mweupe wa chokaa iliyoachwa na maji yalipokuwa yakishuka. Mkanda huo umekwenda juu kuliko jengo la ghorofa kumi. Kufikia Julai 2022 maji yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 50 kutoka pale yalipokuwa mwaka 2000, na hifadhi ya maji iliyo kubwa kuliko zote nchini Marekani ilibaki na takriban robo ya ujazo wake.

Ukame ndio hutajwa kwanza, na una haki ya kutajwa. Lakini sehemu ya mkanda ule mweupe ilichorwa mapema zaidi, Novemba 1922, kwa kalamu na wino, na watu walioamini kwa dhati kwamba wanaleta amani.

Mto Colorado huanza kwenye theluji ya Milima ya Rocky na kusafiri takriban kilomita 2,300 hadi Ghuba ya California, nchini Mexico. Sehemu kubwa ya njia yake ni jangwa. Wyoming, Colorado, Utah na New Mexico ziko juu. Nevada, Arizona na California ziko chini. Na mwishoni kabisa yako majimbo mawili ya Mexico, Sonora na Baja California. Karibu watu milioni 40 huutegemea, wakiwemo wakazi wa Denver, Phoenix, Las Vegas, Los Angeles na Tijuana, na hunywesha takriban hekta milioni 2 za mashamba. Anayeusikia ukisifiwa hivyo hudhani ni mto mkubwa. Sivyo. Mkataba wa Misri na Sudan wa 1959 ulikadiria kwamba Nile hufikisha Aswan mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Colorado, hata katika makadirio ya wakarimu wa hesabu, ilikaribia robo tu ya kiasi hicho.

Ubishi wa maji ulianzia kwenye migodi. Wachimba dhahabu waliomiminika California kuanzia 1849 walihitaji maji ya kuoshea mchanga, nao wakajiwekea kanuni nyepesi: aliyetangulia kuchota ndiye mwenye haki ya kwanza. Mahakama zikaikubali, na kutoka migodini ikahamia mashambani na kuenea karibu majimbo yote makavu ya magharibi. Ukali wake huonekana mwaka wa kiangazi. Waliopo mtoni hawapunguziwi wote kwa usawa. Mwenye haki ya 1890 hupata mgawo wake hadi tone la mwisho, ndipo mwenye haki ya 1910 aangalie kama kimebaki kitu. Kanuni hiyo humfanya kila mtu awe na haraka ya kuchota, hata kabla hajajua maji atayafanyia nini.

Kuna mtu aliyeonya mapema. John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, alishuka mto huu kwa mashua mwaka 1869 akiwa na wenzake tisa, kwenye makorongo ambayo ramani za serikali ziliyaacha tupu. Mwaka 1878 alitoa ripoti juu ya ardhi kavu za magharibi. Alieleza kwamba ni sehemu ndogo tu ya ardhi ile inayoweza kumwagiliwa, na kwamba ni heri watu wajipange kwa kufuata mabonde ya mito badala ya mistari iliyonyoshwa kwa rula. Mwaka 1893 aliyarudia hayo mbele ya mkutano wa wapenzi wa umwagiliaji huko Los Angeles: maji hayatoshi, na mnajirundikia mashauri ya haki za maji. Ukumbi ulimzomea.

Kisha California ikaanza kukimbia. Mwaka 1901 mfereji uliopitia ardhi ya Mexico ulifikisha maji ya Colorado kwenye bonde lililopewa jina la Imperial, jangwa lililo chini ya usawa wa bahari. Udongo ulikuwa mzuri ajabu. Lakini mwaka 1905 mto uliojaa ulivunja kingo kwenye mlango wa mfereji, ukaacha njia yake na kumwagikia bondeni kwa karibu miaka miwili. Reli ya Southern Pacific ilileta mawe kwa mabehewa, treni baada ya treni, hadi Februari 1907 tundu lilipozibwa. Maji yaliyomwagika yakawa ziwa, Salton Sea, ambalo lipo hadi leo. Wakulima wa Imperial wakatoka kwenye maafa hayo wakidai mambo mawili: bwawa kubwa la kuufunga mto, na mfereji usiovuka mpaka.

Madai hayo yaliyatia hofu majimbo ya juu. Theluji ilianguka kwao, lakini mashamba yao yalikuwa machache bado. Bwawa likijengwa, California ingechota kwanza, na kwa kanuni ya aliyetangulia ingekuwa na haki ya kwanza milele.

Hapo ndipo anapoingia Delph Carpenter, mwanasheria wa Greeley, Colorado. Alikuwa ametumia miaka kwenye kesi ambayo Wyoming iliifungua dhidi ya Colorado mwaka 1911 juu ya mto mdogo uitwao Laramie. Kesi ikajikokota, gharama zikapanda, na Carpenter akafikia uamuzi ambao ni wa nadra kwa mtu anayeishi kwa kesi: mahakama si mahali pa kugawia mito. Katiba ya Marekani ilikuwa na kifungu kinachoruhusu majimbo kuwekeana mikataba kwa idhini ya Bunge. Kilikuwa kimetumika zaidi kwa masuala ya mipaka. Yeye akapendekeza kitumike kwa maji, na majimbo yaketi kama nchi zinavyoketi.

Wajumbe saba walianza kukutana Washington Januari 1922, chini ya uenyekiti wa Waziri wa Biashara, Herbert Hoover. Kila mmoja alitaja ekari ambazo jimbo lake lingemwagilia siku za usoni, na zilipojumlishwa mto haukutosha. Mazungumzo yakakwama. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Laramie: kati ya majimbo yanayofuata kanuni ya aliyetangulia, kanuni hiyo huvuka mpaka. Jambo ambalo majimbo ya juu yaliliogopa sasa lilikuwa sheria.

Novemba walikutana tena, safari hii kwenye nyumba ya wageni ya Bishop's Lodge, nje kidogo ya Santa Fe. Carpenter alikuja na njia ya kutokea. Tusigawane kwa majimbo saba, alishauri; tugawe bonde mara mbili, la juu na la chini, mpaka uwe Lee Ferry, kaskazini mwa Arizona. Kila upande upate ekari-futi milioni 7.5 kwa mwaka, kisha ndugu wa kila upande wagawane wenyewe baadaye. Ekari-futi ni kipimo cha wahandisi wa huko: maji yanayoweza kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja. Ni lita milioni 1.2 na ushee, au zaidi ya madebe 61,000 ya lita 20.

Tarehe 24 Novemba 1922 walitia saini kwenye Kasri la Magavana mjini Santa Fe. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, zaidi ya majimbo mawili yalikuwa yamegawana mto kwa mkataba badala ya hukumu. Hilo ni jambo kubwa na halipaswi kubezwa. Kasoro ilikuwa kwenye hesabu.

Idara ya umwagiliaji ya serikali kuu, iliyoongozwa na Arthur Powell Davis, mpwa wa yule Powell aliyezomewa, ilikadiria wastani wa zaidi ya ekari-futi milioni 16 kwa mwaka. Makadirio hayo yalitoka kwenye vipimo vya miaka ipatayo ishirini tu, na ilikuwa miaka ya neema. Mtaalamu wa mito aitwaye Eugene Clyde LaRue, aliyekuwa ameandika juu ya Colorado tangu 1916, alikuwa na takwimu zilizoonyesha kwamba mto ulishawahi kuwa mdogo kuliko hapo. Hakuketi na wajumbe wa Santa Fe. Mwaka 1928 bodi ya wahandisi chini ya Jenerali William Sibert nayo ilitahadharisha. Maonyo yote hayo yalikuwa kwenye makabrasha ya serikali, yakisomeka. Makadirio makubwa yalichaguliwa kwa sababu yalimwezesha kila mjumbe kurudi nyumbani na habari njema. Mwaka 1976 watafiti waliosoma pete za miti ya kale, ambazo huwa nene mwaka wa mvua na nyembamba mwaka wa ukame, walikadiria wastani wa karne nyingi kuwa takriban milioni 13.5. Tangu 2000 mto umekuwa ukitoa kama milioni 12.4. Walichogawana Santa Fe, kwa sehemu, kilikuwa maji ya karatasi.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Mexico haikuwa na mjumbe Santa Fe. Mkataba ulisema tu kwamba kama siku moja itatambuliwa haki yake, pande mbili zitachangia. Wenyeji wa asili, waliomwagilia nchi hiyo kwa mifereji karne nyingi kabla ya mgeni yeyote kufika, waliwekewa sentensi moja: hakuna chochote humu kitakachogusa wajibu wa Marekani kwa makabila hayo. Kiasi chao hakikutajwa. Haikuwa kwamba sheria ilikuwa kimya. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha amua, katika kesi ya Winters, kwamba serikali ilipolitengea kabila ardhi ilitenga pia maji ya kuifanya ardhi hiyo ikalike.

Deni hilo halijalipwa lote. Katika eneo la Wanavajo, linalopakana na mto wenyewe, karibu thuluthi moja ya kaya haina maji ya bomba. Watu hufunga tangi nyuma ya pikapu, huendesha mwendo mrefu hadi kwenye kituo cha maji, hujaza na kurudi, na wiki inayofuata huanza upya. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mkataba wa 1868 kati ya Wanavajo na serikali kuu hauilazimishi serikali hiyo kuchukua hatua za kuwapatia maji. Wengine wamefika mbali zaidi. Jumuiya ya Gila River, karibu na Phoenix, ambayo mto wake ulikaushwa na walowezi wa juu katika karne ya 19 na watu wake wakapigwa na njaa, ilipata mwaka 2004 sheria inayoitambulia zaidi ya ekari-futi 650,000 kwa mwaka. Miaka kumi na mitano baadaye jumuiya hiyohiyo ilikubali kuacha sehemu ya maji yake ndani ya Ziwa Mead ili kina cha ziwa kisizidi kushuka. Waliosahauliwa mezani ndio waliokuja kuiokoa meza.

Arizona ilikuwepo Santa Fe, ikatia saini kupitia mjumbe wake, kisha bunge lake likakataa kuidhinisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Iliamini California itanywa kila kitu. Mwaka 1934, ujenzi wa Bwawa la Parker ulipoanza ili kupeleka maji Los Angeles, Gavana Benjamin Moeur alituma askari wa jimbo kuzuia kazi isifike ukingo wa Arizona. Ujenzi ulisimamishwa, na mwaka 1935 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Arizona kwamba bwawa halikuwa na idhini ya Bunge. Bunge likatoa idhini mwaka huohuo. Bwawa la Hoover lilizinduliwa Septemba 1935, Mexico ikapata mkataba wake mwaka 1944 wa ekari-futi milioni 1.5, na majimbo ya juu yakagawana mwaka 1948 kwa asilimia, utaratibu wa busara zaidi, kwa kuwa asilimia hushuka mto unaposhuka.

Ugomvi wa Arizona na California ulirudi kortini mwaka 1952 na kuchukua miaka kumi na mmoja na mashahidi zaidi ya 300. Hukumu ya 1963 iliithibitishia Arizona ekari-futi milioni 2.8, California milioni 4.4 na Nevada 300,000, na ikayatambulia makabila matano takriban 900,000. Lakini ili ipate fedha za mfereji wake wa kilomita 540 hadi Phoenix na Tucson, mwaka 1968 Arizona ilikubali sharti zito: maji yakipungua, mfereji huo ukatwe kabla ya California kuguswa. Sahihi hiyo ilikuja kudaiwa Agosti 2021, serikali kuu ilipotangaza upungufu kwa mara ya kwanza katika historia ya mto. Wakulima wa wilaya ya Pinal, katikati ya Arizona, ndio walioona mifereji yao ikikauka.

Mpaka miaka ya 1990 hesabu mbovu haikuuma, kwa sababu majimbo ya juu hayakutumia mgawo wao wote. Ilipoanza kuuma, majirani walianza kufanya mambo ambayo mkataba haukuyawaza. Mwaka 1996 Arizona iliunda benki ya maji: maji ya ziada humwagwa kwenye mabwawa ya mchanga yazame ardhini, yahifadhiwe chini kwa siku ya shida. Baadaye ikakubali kuhifadhi kwa niaba ya Nevada. Nevada ikihitaji, Arizona hutumia yale ya ardhini na kumwachia jirani kiasi hichohicho mtoni. Jimbo lililowahi kupeleka bunduki ukingoni likawa mtunza akiba wa jirani.

Las Vegas nayo yafaa itazamwe kwa karibu, kwa sababu jina lake huwadanganya watu. Maji yanayoshuka kwenye sinki na choo cha nyumba za mji huo husafishwa na kurudishwa Ziwa Mead kupitia korongo, na kila tone linalorudi huongezwa kwenye akaunti ya jimbo. Kinachopotea ni kile kinachomwagiliwa nje. Kwa hiyo mamlaka ya maji huwalipa wakazi wang'oe nyasi na kuweka changarawe na mimea ya jangwani, na sheria ya 2021 inapiga marufuku, kuanzia 2027, kumwagilia kwa maji ya Colorado nyasi za mapambo ambazo hakuna anayezikanyaga. Mji umeongeza mamia ya maelfu ya watu tangu 2002 huku maji unayoyatumia yakipungua.

Na Mexico? Kwa miaka mingi uhusiano ulikuwa wa manung'uniko. Kuanzia 1961 maji ya kuoshea chumvi kwenye mashamba ya Arizona yalimwagwa mtoni, na wakulima wa Mexicali wakapokea mgawo uliounguza mazao yao. Ilichukua hadi 1973 kukubaliana juu ya kiwango cha chumvi. Kilichobadilisha mambo ni tetemeko. Tarehe 4 Aprili 2010 ardhi ya Mexicali ilitikisika kwa kipimo cha 7.2, mifereji ikapasuka, na Mexico ikawa na maji ambayo haikuweza kuyapokea. Desemba mwaka huo Marekani ilikubali yahifadhiwe Ziwa Mead hadi mifereji itengenezwe. Maji ya Mexico, yametunzwa ndani ya bwawa la Marekani! Tangu saini za 1944 hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Kutoka hapo yakaja makubaliano ya 2012 na ya 2017: nchi mbili hupunguziwa pamoja kunapokuwa na upungufu, na kiasi fulani hutengwa kwa ajili ya mto wenyewe.

Mto wenyewe ulikuwa umekufa kwenye delta. Mwaka uleule wa 1922, wajumbe walipokuwa wakibishana, mwanamazingira Aldo Leopold alizunguka delta kwa mtumbwi pamoja na kaka yake, katikati ya vidimbwi vya kijani na ndege. Tangu miaka ya 1960, mabwawa yalipokamilika, maji yalifika baharini kwa nadra tu. Wakukapa, wenyeji wa delta hiyo, ambao jina lao humaanisha watu wa mto, walibaki kando ya mchanga.

Tarehe 23 Machi 2014, kwa makubaliano yale ya 2012, milango ya Bwawa la Morelos, mpakani, ilifunguliwa kwa makusudi. Kwa wiki nane takriban mita za ujazo milioni 130 ziliachiwa zishuke. Huko San Luis Río Colorado, mji wenye jina la mto na daraja la mto lakini usio na mto, watu walishuka kwenye mchanga mkavu kusubiri. Maji yalifika polepole, yakisukuma povu na vijiti mbele yake, yakijaza alama za matairi ya magari. Watoto waliokuwa hawajawahi kuuona mto wao waliingia hadi magotini. Vikundi vya muziki vikapiga, farasi wakapitishwa majini, wazee wakasimama kando wakitazama. Tarehe 15 Mei maji yale yaligusana na bahari.

Miaka minane baadaye Ziwa Mead, lililoyatoa maji hayo, lilikuwa hoi. Juni 2022 serikali kuu iliyataka majimbo saba yapunguze kati ya ekari-futi milioni 2 na 4 kwa mwaka, na muda uliotolewa ukapita bila jibu. Mei 2023 majimbo matatu ya chini yakakubali kuacha milioni 3 hadi mwisho wa 2026, sehemu kubwa kwa fidia ya takriban dola bilioni 1.2. Machi 2024, yalipotakiwa kusema nini kifuate, majimbo ya juu na ya chini yalipeleka mapendekezo mawili tofauti. Ya juu yanasema tayari yanapunguziwa na theluji yenyewe kila mwaka. Ya chini yanasema kila mmoja abebe sehemu yake. Pande zote mbili hunukuu waraka wa Santa Fe.

Kanuni za uendeshaji zilizowekwa mwaka 2007 zinakoma mwishoni mwa 2026. Makubaliano ya 2017 na Mexico yanakoma mwishoni mwa mwaka huohuo, pamoja na kifungu kinachoitengea delta maji. Huko Laguna Grande, kusini mwa mpaka, wafanyakazi wamepanda mierebi na mipopla kwenye kingo zilizokuwa jangwa, mche kwa mche, na kuinywesha kwa mifereji midogo. Ndege wamerudi. Miti mikubwa kati ya hiyo sasa humtilia kivuli mtu mzima akisimama chini yake, na mizizi yake bado inategemea tarakimu zitakazoandikwa na watu walio mbali, wakiwa na mto mdogo kuliko ule wa 1922.